Zao la Namba Mbili Tasa

Kiswahili kimeipa namba isiyogawanyika jina la tasa. Mwalimu mmoja wa hisabati, aliyefundisha darasa la sita katika shule ya msingi mjini Tanga kabla hajahamia Leicester, alilitamka neno hilo kila mwaka kwa miaka 12, na kila mwaka alilitamka akiwa ameugeukia ubao. Nyuma yake wanafunzi waliimba kwa pamoja kwamba namba tasa ni namba kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Waliliimba vizuri, bila ubaya wowote. Lakini neno lilelile lilisemwa kwa sauti ya chini katika jiko la mavyaa wake huko Ngamiani, na baadhi ya watoto walioimba walikuwa watoto wa majirani waliolisikia huko. Mwalimu alikuwa ameolewa mwaka wa saba, kisha wa nane, kisha wa tisa. Daktari hakuona kasoro kwake wala kwa mumewe. Hakukuwa na mtoto.

Kwa nini tasa? Kiarabu, ambacho kimetupa shufwa na witiri, huiita namba ya aina hii kwa neno lenye maana ya kwanza. Kilatini kiliiita vivyo hivyo, na lugha za Ulaya zimerithi humo. Wenzetu waliiona namba hiyo ikiwa mwanzo, jiwe la msingi ambalo nyingine zote hujengwa juu yake. Waliotuchagulia istilahi walitazama upande mwingine, wakaona kitu kisichotoa kitu. Kuna tasa nyingine katika kamusi, lile bakuli la madini la kunawia, na mara moja mtoto mmoja aliuliza kama namba hizo ni za bakuli. Darasa zima lilicheka, naye Mwalimu akacheka kuliko wote, kwa shukrani ambayo mtoto yule hakuweza kuijua.

Hata hivyo istilahi hizo hizo zinaficha jambo ambalo huenda halikukusudiwa na mtu. Jibu la kuzidisha, kwa Kiswahili cha shuleni, huitwa zao. Zao la 7 na 11 ni 77. Basi kila namba iliyo kubwa kuliko 1, ikiwa si tasa yenyewe, ni zao la namba tasa. Na kwa namba hiyo vigawo tasa ni vilevile daima, upende kuanza kuigawanya kutoka wapi. Tasa mara tasa, zao. Mwalimu aliligundua hilo siku moja katikati ya kipindi, chaki mkononi, akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba kiranja wa darasa alisimama kuuliza kama anaumwa.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu alichokiazima maktaba ya mtaa huko Leicester, alikutana na namba hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Hupatikana kwa kuizidisha 2 kwa yenyewe hadi kipeo cha 67, kisha kutoa 1. Ukiitazama huoni lolote. Inaishia na 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 109, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Mtu angeweza kuishi maisha yake yote akidhani ni tasa, na watu wengi walifanya hivyo.

Aliyewafanya wadhani ni Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyeandikiana barua na karibu kila mwanahisabati wa zama zake. Mwaka 1644 alichapa orodha ya vipeo ambavyo, alidai, 2 ikipandishwa kwavyo na kutolewa 1, huleta namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na hadi 257, alisema, hakuna vingine. Hakutoa uthibitisho. Mwenyewe alikiri kwamba zama zote zisingetosha kuipima namba moja ya tarakimu 15 au 20 ijulikane kama ni tasa au siyo, na namba ya 67 inazo 21. Yaani alitoa hukumu mahali ambapo alijua hakuna mahakama. Orodha ile ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 ziliachwa nje zikistahili kuingia. Wako waliomtetea wakasema mpiga chapa ndiye aliyeandika 67 badala ya 61. Huenda. Lakini mpiga chapa hawezi kubeba makosa yote matano.

Kwa miaka 232 namba ile iliitwa tasa kwa sababu mtu mwenye heshima alisema hivyo mara moja. Mwalimu aliposoma hapo alikiweka kitabu chini, akaenda kuanua nguo.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kuwa namba ile si tasa. Namna alivyofanya ndiyo inayoshangaza, kwa maana hakuonyesha kigawo chake hata kimoja. Alikuwa amebuni jaribio ambalo Derrick Henry Lehmer alilisafisha katika karne iliyofuata, na katika sura hiyo iliyosafishwa hata mtoto wa darasa la sita anaweza kulifanya. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, shika baki. Rudia. Ikiwa kipeo ni 5, namba inayopimwa ni 31, na kazi hurudiwa mara tatu, yaani kipeo ukitoa 2. Baki la kwanza ni 14, la pili ni 8, la tatu ni 0. Likifika sifuri mwishoni, namba ni tasa. Sasa chukua kipeo cha 11, ambacho huleta 2,047. Mabaki tisa ni 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282 na 1,736. La mwisho si sifuri. Basi 2,047 si tasa, bila shaka yoyote. Nayo kweli ni zao la 23 na 89. Lakini tafuta 23 katika safu ile ya mabaki, tafuta 89, hutaziona. Jaribio linajua kwamba vigawo vipo, na halijui ni vipi.

Kwa kipeo cha 67 kazi hiyo hurudiwa mara 65, kwa namba za tarakimu 21, kwa mkono. Lucas alifanya hesabu za namna hiyo kwa njia yake ya awali. Kwa miaka 27 iliyofuata ulimwengu ulikuwa na namba iliyothibitishwa kuwa ina wazazi, na hakuna aliyewahi kuwaona. Wanafalsafa wanaweza kubishana kama huko ni kujua. Wanahisabati hawabishani; huko ni kujua kabisa. Lakini hata wao hawakulala.

Frank Nelson Cole alizaliwa Massachusetts mwaka 1861, akasoma Harvard, akaenda Leipzig kwa Felix Klein, na hatimaye akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alikuwa katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani kuanzia 1896 hadi 1920, kazi ya barua, kumbukumbu na mahesabu ya ada. Mtu wa aina ambayo kila jumuiya inamtegemea na mara chache humtaja. Mwezi Oktoba 1903, katika mkutano wa chama hicho New York, alitoa mada juu ya kuzitafutia namba kubwa vigawo vyake.

Kisa kinachosimuliwa ni hiki. Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akaikokotoa 2 hadi kipeo cha 67, akatoa 1. Akahamia upande wa pili wa ubao, akaandika 193,707,721 na 761,838,257,287, akazizidisha kwa mkono, mstari kwa mstari. Majibu mawili yakalingana. Akarudi kitini, naye hakuwa ametamka lolote; ukumbi ukapiga makofi, na hakuna aliyeuliza swali. Anayekisimulia ni Eric Temple Bell, katika kitabu cha mwaka 1951, miaka 25 baada ya kifo cha Cole. Bell alikuwa msimuliaji hodari, na mwenye tabia ya kuitia ladha historia hadi ikakolea. Mwaka 1903 alikuwa mwanafunzi California, ng'ambo ya pili ya bara, hivyo hakuwamo ukumbini. Ukimya ule inafaa usikilizwe kwa tahadhari. Vigawo havihitaji tahadhari. Vilichapwa mwaka uleule katika jarida la chama, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuvihakiki.

Bell anasema pia kwamba mwaka 1911 alimuuliza Cole ilimchukua muda gani, naye akajibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu. Jibu hili lina uzito kuliko lile la makofi, kwa sababu linaweza kupimwa.

Fermat alikuwa amemwandikia Mersenne huyohuyo, mwaka 1640, kwamba kigawo tasa chochote cha namba ya aina hii hakina budi kuacha baki 1 kikigawanywa kwa kipeo. Kwa 67, na kwa kuwa kigawo lazima kiwe witiri, wagombea ni namba zinazopatikana kwa kuzidisha 134 kwa kitu fulani na kuongeza 1. Kigawo kidogo alichokipata Cole, 193,707,721, ni 134 mara 1,445,580, kisha 1. Kanuni nyingine huondoa nusu ya wagombea: kigawo kikigawanywa kwa 8 lazima kiache 1 au 7. Hubaki wagombea zaidi ya 720,000 kabla ya kumfikia huyo mmoja. Ukiruka wote wanaogawanyika kwa 3, 5 au 7, wanabaki kama 330,000. Mpe mtu dakika tano kwa kila jaribio, na saa kumi kila Jumapili. Atahitaji Jumapili 2,750, zaidi ya miaka 50. Miaka mitatu ina Jumapili 156 hivi.

Kwa hiyo Cole hakuwa akibisha mlango mmoja baada ya mwingine. Alitafuta miraba. Chukua 2 hadi kipeo cha 34 na uizidishe kwa yenyewe: unapata 2 hadi kipeo cha 68, ambayo ni mara mbili ya 2 hadi kipeo cha 67, na ukiigawanya kwa namba yetu baki lake ni 2. Basi 2 ni baki la mraba. Jambo hilo dogo ndilo linalozaa ile kanuni ya 8. Kila baki la mraba jipya unalolipata huwapepeta wagombea tena na kuondoa takriban nusu yao, jinsi mchele unavyopepetwa katika ungo mara ya pili na ya tatu. Nusu ya nusu ya nusu. Ukipepeta mara 20, milioni moja hubaki punje moja. Ugumu ni kuyapata mabaki hayo madogo kutoka namba ya tarakimu 21, na kutokosea hata mara moja, maana ungo mmoja uliotoboka humwaga punje uliyokuwa ukiitafuta, nawe usijue.

Huo ndio uchungu ambao makofi ya Bell hayausemi. Jumapili ya 80, Cole hakuwa na kitu mkononi. Hakuwa na nusu ya jibu, kwa kuwa katika kazi hii nusu ya jibu haipo. Alichokuwa nacho ni neno la Lucas tu, kwamba vigawo vipo.

Mwalimu aliifikiria sana Jumapili hiyo ya 80. Huko Tanga, kwa miaka, alikuwa na neno la daktari kwamba hakuna kasoro, na watu wema walimwambia asubiri. Lakini hakutaka kujidanganya kwa ulinganisho. Neno la Lucas lilikuwa uthibitisho. La daktari lilikuwa kutokuona sababu tu. Namba ilikuwa na vigawo vyake tangu milele, Cole awepo asiwepo. Mwanamke hakuandikiwa hivyo. Na namba haisikii inavyoitwa jikoni.

Akaamua kuizidisha mwenyewe. Hakuwa na sababu yoyote ya maana. Ilikuwa Jumapili, zamu yake ya kufua katika hospitali ingeanza saa kumi jioni, na mvua ilikuwa inanyesha. Alichukua karatasi ya miraba. Akafunika ukurasa wa kitabu wenye jibu kwa kisahani.

Kuzidisha tarakimu 12 kwa tarakimu 9 kunatisha kuliko inavyostahili. Namba ndogo, 193,707,721, ina saba tatu, moja mbili na sifuri moja. Sifuri haina kazi. Moja ni kunakili tu. Saba unaikokotoa mara moja, unapata 5,332,867,801,009, kisha unaiandika mahali patatu tofauti. Kinachobaki ni kuzidisha kwa 9, kwa 3 na kwa 2. Ikiwa Cole alilifanya hilo ubaoni kweli, basi hakukaa mbele ya watu muda mrefu kama wasomaji wanavyomwazia. Kazi yenyewe iko katika kujumlisha, ambako mistari minane hushuka kama ngazi na mtu hubeba tatu, hubeba nne, hubeba moja.

Alipomaliza alihakiki kwa tisa, kama alivyowafundisha watoto. Tarakimu za kigawo cha kwanza zina jumla ya 37, ambayo hurudi kuwa 1. Za kigawo cha pili zina jumla ya 64, nayo hurudi kuwa 1. Jibu lake lilikuwa na jumla ya 109, likarudi kuwa 1. Sawasawa. Mwalimu mwingine angeinua kisahani. Yeye alikumbuka kwamba tisa haioni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, kosa ambalo watoto hulifanya kuliko yote wakati wa kunakili, akahakiki pia kwa kumi na moja: toa, ongeza, toa, ongeza, kutoka mkono wa kulia. Kigawo cha kwanza huacha 9, cha pili 8. Zao lao ni 72, ambalo huacha 6. Jibu lake liliacha 8.

Alirudi nyuma kwa nusu saa. Kosa lilikuwa katikati: aliposafisha aliandika 766 mahali pa 676. Akasahihisha, akahesabu upya, akapata 6. Ndipo akainua kisahani.

Simu ililia wakati huo. Wifi yake wa Tanga, yule aliyekuwa akinong'ona zamani na ambaye siku hizi ndiye anayempenda kuliko ndugu wote wa mumewe, alikuwa akikumbusha ada ya mtoto wa sekondari. Mwalimu alituma fedha palepale, mezani, karatasi ikiwa mbele yake. Kufuli nyingi zinazolinda miamala ya namna hiyo zimejengwa juu ya shida ileile ya Cole, tangu Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walipoitungia njia mwaka 1977: namba tasa mbili kubwa huzidishwa, zao hutangazwa kwa ulimwengu mzima, na wazazi hufichwa. Namba ya Cole leo haiwezi kumficha mtu. Kompyuta ndogo huivunja kabla hujapepesa jicho. Lakini namba ya tarakimu 129 waliyoitoa wenyewe mwaka huo ilisimama hadi 1994, ikahitaji watu wapatao 600 na miezi minane. Ya tarakimu 250 ilianguka mwaka 2020. Zinazotumika sasa zina tarakimu 617, na hakuna Jumapili za kutosha. Ujumbe ulirudi kwamba fedha zimepokelewa.

Mumewe aliingia na vikombe viwili vya chai, akainama juu ya karatasi. Yeye ni fundi wa magari, si mtu wa namba, lakini macho yake huona haraka kitu kinachojirudia.

"Mwalimu, mbona mstari huu umeuandika mara tatu?"

"Saba ziko tatu," akajibu, akamwomba asogeze kikombe kisije kikalowesha wino.